Nilivyopuliza tarumbeta kwa vidole vya Machame huku Dallas, wakakaribia kunitoa kundini

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlioko nyumbani na mnaohangaika huku ughaibuni.

Kabla sijaanza, wale wa kusema "hii ni chai" wakae pembeni kidogo. Mke wangu ni member humu, anasoma kila ninachoandika, na nikiongeza chumvi atanisahihisha kwenye comment ya kwanza. Kwa hiyo mtapata ukweli mtupu, mtake msitake.

Naishi Euless, Texas, katikati ya Dallas na Fort Worth. Ni karibu na airport kiasi kwamba ndege ikipita tunanyamaza mezani, halafu tunaendelea na maongezi.

Nafanya kazi cargo. Mkisema diaspora tunabeba maboksi mimi sikasiriki, kwa sababu ni kweli nabeba maboksi.

Mke wangu, Mama Glory, ni nesi kwenye nyumba ya kulelea wazee kule Arlington.

Sasa niwape background, maana bila hiyo hamtaelewa kilichonikuta.

Nimekulia upande wa Machame, kwenye usharika wa Kilutheri wenye bendi ya matarumbeta. Watu wa Kilimanjaro mnaelewa. Harusi tupo, kipaimara tupo, mazishi tupo, sikukuu ya mavuno ndiyo usiseme. Nilianza kupuliza nikiwa darasa la tano, kwenye tarumbeta lililopondeka vibaya mpaka likawa linasimama lenyewe mezani.

Shule yetu ilikuwa kitabu cha nyimbo tu. Kitabu kimoja kwa wote. Kwaya wanaimba kutoka humo, mpiga kinanda anapiga kutoka humo, na sisi wa matarumbeta tunapuliza kutoka humo humo. Mwalimu anakuonyesha, ukiona nota hii bonyeza hapa, ukiona ile bonyeza pale. Ukikosea anakutazama tu, na wewe unajua.

Aliyekaa kulia kwangu miaka yote hiyo anaitwa Elirehema. Yeye sauti ya kwanza, mimi ya pili. Huyu jamaa alikuwa anapuliza mpaka wafiwa wanasahau kulia wanabaki kumwangalia yeye.

Leo Elirehema yuko Houston, anaendesha malori. Tunapigiana simu karibu kila wiki. Tunaongea siasa, mpira, bei ya mafuta, watoto. Ila miaka yote tuliyokaa Texas hajawahi kugusa habari za matarumbeta, na mimi nikianza anabadilisha mada. Nilidhani ni ubize wa maisha.

Basi, wakati fulani nikapita kwenye duka la vitu used pale Fort Worth nikakuta tarumbeta. Nikalichukua. Mama Glory aliniangalia kama nimeleta mbuzi sebuleni.

Apartment zetu kuta zake ni nyepesi. Jirani wa juu aligonga sakafu kabla sijamaliza ubeti wa kwanza. Nikahamia kwenye gari. Nikitoka kazini nina-park nyuma ya uwanja wa mpira, napandisha vioo, napuliza. Wanaotembeza mbwa wakawa wananipungia mkono.

Sasa tuingie kwenye mada yenyewe.

Kule kazini kwa Mama Glory huwa anakuja mama mmoja Mzungu anaitwa Carol, anawapigia wazee piano bure. Huyu Carol ni katibu wa chama cha wapenzi wa muziki wa classical hapa DFW, yaani Dallas na Fort Worth. Kazi ya chama ni kutafuta wanamuziki wa maeneo haya haya wasio na majina, kuwapa ukumbi wa mazoezi na mtu wa kuwaongoza, halafu kuwaandalia concert yenye watazamaji wa kweli. Unakuta daktari anapiga fidla, mwalimu wa hesabu anaimba opera. Hawaulizi umesomea wapi. Wanachotaka ni uweze.

Mke wangu akamwambia, "My husband plays trumpet inside a Corolla."

Carol akacheka sana, halafu akasema mlete.

Nikaenda kwenye usaili. Nikapuliza peke yangu, nyimbo zetu mbili za kanisani, bila karatasi. Nilipomaliza, Carol alikuwa amevua miwani anaifuta. Nikapangwa kwenye kundi lao la vyombo vya kupuliza, tarumbeta ya pili.

Wakuu, ile furaha siwezi kuieleza vizuri. Miaka yote huku mimi nimekuwa "yule jamaa wa cargo". Nikiingia mahali watu wananionyesha kitu kizito cha kunyanyua. Sasa nina kiti chenye jina langu kati ya wanamuziki.

Na kosa nililofanya ni kutangaza. Nikaweka kwenye group la WhatsApp la Watanzania wa DFW. Halafu mchungaji wetu, ambaye ni Mkenya, akalisema kwenye ibada ya Kiswahili mbele ya Watanzania, Wakenya na Wakongo. "Ndugu yetu amepata chance ya kucheza na hawa watu wa classical. Tutaenda kum-support, sindio?" Kanisa zima likaitika ndio. Kina mama wakaanza kujadili sare ya kitenge hapo hapo.

Ikaja siku ya mazoezi ya kwanza, kwenye ukumbi wa kanisa moja Arlington.

Kiongozi wa kundi ni mzee anaitwa Dale, mwalimu mstaafu wa bendi za shule. Bahati mbaya alikuwa amefanyiwa upasuaji wa goti, yuko nyumbani. Aliyemshikia nafasi ni Kevin, tarumbeta ya kwanza. Kevin ni daktari wa meno, mtu mpole, ila ana haraka.

Nikapewa faili la nota. Kwangu mimi kusoma nota si tatizo, nikafungua, nikaona ni rahisi hata kuliko za kwetu.

Tukaanza.

Jamani. Ilikuwa kama mtu kamwaga sufuria jikoni. Watu wakasimama, wakatazamana. Kevin akasema turudie. Tukarudia, yale yale. Akaanza kutafuta kelele inatoka wapi, mmoja mmoja, mpaka akafika kwangu.

Akaniambia nipulize peke yangu. Nikapuliza. Safi kabisa, mpaka mama wa trombone akatikisa kichwa kukubali. Tukaungana wote, kelele.

Kevin akasema tarumbeta langu haliko in tune, nivute bomba la kurekebisha sauti. Nikavuta mpaka likakaribia kuchomoka. Haikusaidia kitu.

Mazoezi ya pili Kevin akaniletea tarumbeta lake la akiba, la bei mbaya. Kelele ile ile. Sasa lawama haiwezi kwenda kwa chombo tena, inabaki kwangu. Nikaanza kupuliza kwa woga, sauti inatoka kama ya mtu anayeomba samahani.

Mwishoni akaniita pembeni, akaniambia kwa upole kabisa kwamba pengine nipumzike concert hii, nijaribu msimu ujao. Akanishika bega. Heri angenifokea.

Niliendesha gari mpaka Euless bila redio. Mama Glory alinipokea mlangoni, akaona uso wangu. Akaniwekea chakula na kukaa karibu.

Kesho yake nikampigia Elirehema nimlilie. Sikutegemea msaada, nilitaka mtu wa kunisikiliza tu. Nikamsimulia chama, usaili, Kevin, kila kitu.

Akaniuliza, "Ukipuliza mwenyewe ni safi, ukiingia nao ni kelele?"

"Ndiyo."

"Wakakubadilishia tarumbeta, ikawa vile vile?"

"Ndiyo. Wewe umejuaje?"



Ndipo akanieleza kitu ambacho hajawahi kumwambia mtu, hata mke wake. Alipofika Houston, kabla mimi sijaja Texas, alijiunga na bendi ya mtaa. Yakamkuta haya haya, hatua kwa hatua. Hawakumfukuza. Walimpa kazi ya kupanga viti na stendi za nota kabla ya mazoezi. Elirehema, sauti ya kwanza, alipanga viti msimu mzima akitumaini watamwita tena. Hawakumwita. Akalifunga tarumbeta kwenye blanketi, akaliweka stoo.

"Kaka," akaniambia, "mimi na wewe tulikuwa wazuri kwa Machame. Huku wana viwango vyao. Kubali yaishe, usije ukaumia kama mimi."

Wakuu, niliumia kweli. Kwangu mimi nilikuwa nimeshakubali kushindwa. Ila kusikia Elirehema hajui muziki, hapana. Nilimsikia kwa masikio yangu. Nilikaa kushoto kwake. Kama yule hajui, basi sisi wote tulikuwa tunajidanganya pale usharikani, na mwalimu wetu, na waliomfundisha mwalimu wetu.

 Siku ya off nikaenda Arlington kurudisha faili la nota.

Nikamkuta Carol peke yake ukumbini anapiga piano. Nikamwambia nimekuja kuaga. Akasikitika, akasema angalau tupige wimbo mmoja pamoja kabla sijaondoka. Kwenye piano kulikuwa na kitabu cha nyimbo cha lile kanisa, akafungua wimbo ambao na sisi tunao. Nikasimama nyuma yake, nikasoma juu ya bega lake.

Tukaanza. Wakuu, ilikaa. Piano na tarumbeta, kitu kimoja. Tukamaliza beti zote.

Carol akageuka kwenye kiti. "You are not out of tune," akasema. "Kevin told me you were out of tune."

Akachukua lile faili nililoleta, akaniwekea karatasi yangu mbele, yeye akafungua score, yaani nota za vyombo vyote vya kundi. Tukaanza, ikaharibika pale pale. Akasimama. Akapiga nota moja, akaniambia nipulize ya kwangu. Akapiga nyingine. Akafanya hivyo mara kadhaa, uso umekunjamana, halafu akasema wewe hukosei ovyo. Kila nota yako iko juu kwa kipimo kile kile.

Akampigia Dale nyumbani, akaweka speaker. Mzee na goti lake bovu akasikiliza maelezo yote, halafu akauliza swali moja tu.

"Ask him, when he sees a C, what does he press?"

Nikashangaa. Swali gani hili? Nikamwambia kitufe cha kwanza na cha tatu, kama mtu yeyote.

Dale akaanza kucheka kule kwenye simu. Hakuwa ananicheka mimi. Ni kicheko cha mtu aliyetafuta funguo nyumba nzima kumbe ziko mfukoni. Akasema wote waliokaa kwenye kundi lile, wakiona nota ya C, hawabonyezi kitu.

Ngoja niwaeleze kwa lugha nyepesi, maana hapa ndipo penyewe.

Karibu bendi zote duniani, karatasi ya tarumbeta huandikwa juu kidogo kuliko sauti inayotakiwa itoke. Mpulizaji anabonyeza kwa hesabu hiyo, mambo yanakaa sawa. Lakini bendi za makanisa ya Kijerumani zilikataa utaratibu huo. Wao walitaka mpuliza tarumbeta asome kitabu kile kile cha waimbaji, kwa hiyo wakabadilisha vidole, yaani vitufe vya kubonyeza kwa kila nota. Wamisionari wakaja Kilimanjaro na vidole hivyo, babu zetu wakavipokea, na sisi tukavirithi bila kujua kama kuna vingine.

Kwa hiyo nikisoma karatasi ya Kevin kwa vidole vya Machame, kila nota inatoka hatua moja juu ya wenzangu. Kila nota, mwanzo mpaka mwisho. Peke yangu hakuna wa kugundua, kwa sababu wimbo mzima umepanda pamoja. Nikiingia kati ya watu, vurugu.

Hakuna aliyekosea, wakuu. Mimi nilisoma sawa. Kevin alisikia sawa. Shule mbili tu zimekutana bila kutambulishwa.

Nikamuuliza Dale nitajifunza vipi upya kwa muda uliobaki. Akasema asingekubali kuniharibia vidole ambavyo tayari vinajua kazi. Akaniandikia karatasi yangu upya, kwa utaratibu wa kitabu cha waimbaji, akamtumia Carol ku-print. Basi, ndiyo dawa yote. Karatasi.

Mazoezi yaliyofuata nikapuliza na wenzangu. Kevin alishusha tarumbeta lake katikati ya wimbo, akanigeukia, akabaki mdomo wazi. Baadaye aliniomba radhi mbele ya wote, na tangu siku hiyo kila tukikutana ananiuliza maswali kuhusu Machame mpaka nachoka.

Lakini mimi akili yangu ilikuwa Houston.

Nilipotoka tu ukumbini siku ile ya simu ya Dale nilikaa kwenye gari nikampigia Elirehema. Alikuwa njiani na lori. Nikamweleza yote, na swali la C, na vidole.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Kwa hiyo ni vidole."

"Ni vidole tu, kaka. Ulikuwa unapuliza sawa."

"Ngoja kwanza ni-park."

Nikasikia lori linapunguza, breki zinapumua. Halafu nikamsikia anapenga. Elirehema ni mtu wa miraba minne, sijawahi kumwona analia hata alipomzika baba yake.  Nilikaa naye tu kwenye simu mpaka aliposema lazima aendelee na safari, ana mzigo wa watu.

Siku ya concert alipanda barabara ya I-45 kutoka Houston, akafika mapema kuliko wapigaji.

Na watu wetu walikuja, jamani. Safu nzima ya vitenge sare, Watanzania, Wakenya, mpaka Mkongo mmoja na suti yake ya njano. Mimi nilikuwa nimewaonya mno kwenye group. Huku hakuna kutunza, msije jukwaani kunibandika dola usoni. Hakuna vigelegele. Na msipige makofi wimbo ukisimama katikati, subirini Wazungu wapige kwanza.

Walitii kupita kiasi. Tulipomaliza, ukumbi mzima ulisimama kupiga makofi, isipokuwa safu ya vitenge. Wamekaa wametulia, wananiangalia mimi, wanasubiri ruhusa. Mchungaji ameweka mikono magotini kama yuko kwenye interview.

Ikabidi niwaashirie kwa kichwa.

Mama Glory akaachia kigelegele ambacho kilikuwa kimezuiliwa tangu mwanzo wa programu. Wengine wakafuata. Carol kule kwenye piano akaweka mkono kifuani, na baada ya hapo kila mzee wa chama aliyepita kunisalimia aliniuliza wale kina mama watakuja tena lini.

Nilifurahi, siwezi kuwadanganya. Niliona fahari kwelikweli.

Tukarudi Euless kula.  Mama Glory akiwa anapakua pilau, Elirehema akaomba tarumbeta langu. Akaligeuza geuza, akalipuliza.

Haikuwa nzuri, nisiseme uongo. Midomo ilikuwa imelala miaka mingi. Sauti ilikwama, ikapasuka, akafuta mdomo, akajaribu tena. Mara ya tatu ikatoka sauti ya kwanza, ile ile. Nilisimama nikaenda dirishani.

Akaliweka mapajani, akasema bila kumwangalia mtu, "Unajua Junior aliwahi kuniomba ajiunge na bendi ya shule. Nikamwambia mwanangu, ukoo wetu hatuna muziki."

Mama Glory akaacha kupakua.

Elirehema akatoa simu, akampigia mtoto wake Houston kwa video, akaiegemeza kwenye jagi la juisi. Hakumpa maelezo yoyote. Akanyanyua tarumbeta, akapuliza ubeti mzima.

Kijana kule upande wa pili alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Dad? Since when?"

Elirehema akavuta pumzi, akaingia ubeti wa pili.

Basi wakuu, ndivyo ilivyokuwa.

Nilichojifunza ni hiki. Huku ugenini mtu mpole mwenye nia njema anaweza kukwambia hujui, na wewe ukaamini, kwa sababu ametumia sauti nzuri na wewe ni mgeni. Ukabeba jibu hilo miaka, ukawarithisha mpaka watoto. Kabla hujakubali, tafuta mtu wa pili akusikilize, na umwombe aangalie unachokifanya kwa mikono yako, asiishie kusikiliza tu.

Na hivi vyama vidogo vya mitaani vya Wazungu msividharau. Mimi nilidhani ni vya wastaafu wenye muda wa kupoteza. Kumbe wapo wanaokaa wanatafuta mtu kama mimi na wewe, wamsimamishe mbele za watu.

Karibuni mtoe maoni. Hasa wewe uliyewahi kuwa mzuri kwenye kitu nyumbani, ukafika huku ukakifungia stoo. Tuambie ni kitu gani, na nani alikwambia hukiwezi.